Tom Mboya na Kazi ya Kuunda Taifa

Msafiri anayeteremka kutoka Limuru kuelekea Mai Mahiu kwa barabara ile ya zamani hulikuta kanisa dogo chini ya ukuta wa bonde, kando kabisa ya njia. Lilijengwa mwaka wa 1942 na wafungwa wa kivita Waitaliano, ambao Waingereza waliwatumia kuichonga barabara hiyo. Madereva wengi hulipita bila hata kuligeukia. Mimi kila nilipitapo hujiuliza swali ambalo huenda likaonekana la kipuuzi: wanaume wale waliobeba mawe pale walijuaje kwamba wao ni Waitaliano? Miaka mia moja tu kabla ya hapo, babu zao hawakuwa na dola lililoitwa Italia.

Swali hili nalileta mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi kwa sababu lina jamaa yake hapa kwetu. Sisi nasi tulijuaje kwamba ni Wakenya? Nani alitufundisha somo hilo, na lilifika wapi? Waliojitolea kulifundisha ni wengi, na baadhi yao bado hawajapewa haki yao vitabuni. Leo nimemchagua mmoja, Thomas Joseph Mboya, si kwa kuwa alikuwa bora kuliko wote, bali kwa kuwa maisha yake yanaonyesha kazi yenyewe ilivyoanza, ilipofaulu, ilipokosewa na mahali ilipokatizwa kwa risasi.

Kwanza tuwamalize Waitaliano. Kabla ya mwaka wa 1861 rasi yao ilikuwa imekatwakatwa kama nyama ya mgao. Kaskazini-magharibi palikuwa na ufalme wa Sardinia, ambao nguvu zake zilikuwa Piedmont. Lombardy na Venetia zilikuwa mikononi mwa Austria. Papa alikuwa na dola lake katikati, kusini kulikuwa na Ufalme wa Sicilia Mbili, na baina yao palikuwa na tawala ndogondogo za Tuscany, Parma na Modena. Mkulima wa Sicilia na mkulima wa Piedmont hawangeweza kusemezana, kwa maana kila mmoja alikuwa na lugha ya kijijini kwake, na Kiitaliano cha vitabuni kilijulikana na wachache mno. Aliyewatia watu wale wazo la kuwa ndugu alikuwa Giuseppe Mazzini, ambaye mwaka wa 1831 aliunda chama cha Italia Changa, akawaapisha vijana kwa jina la taifa badala ya jina la mji. Cavour akaja na hila za kibalozi, naye Garibaldi akaivamia Sicilia mwaka wa 1860 akiwa na wapiganaji wapatao elfu moja. Ufalme wa Italia ukatangazwa tarehe 17 Machi, 1861. Venetia ikaongezwa mwaka wa 1866, na Roma mwaka wa 1870. Kumbe hata baada ya ramani kukamilika, kazi ya kuwafanya wenyeji wajione kuwa kitu kimoja ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume kidogo. Mpaka ulitangulia, na ulichorwa na wageni. Mwingereza aliitangaza nchi hii kuwa himaya yake mwaka wa 1895 na kuigeuza koloni mwaka wa 1920, kisha akaigawa ndani kwa ndani: kila kabila na hifadhi yake, na kila mwanamume Mwafrika na kipande shingoni. Huku kwetu Naivasha, mkataba wa 1904 uliwahamisha Wamaasai kutoka kwenye malisho yao ili wazungu wapate mashamba. Baada ya wenye ardhi kuondolewa, walitafutwa wafanyakazi kutoka pembe zote. Ndipo hali ya ajabu ilipotokea. Serikali iliyokuwa ikiwatenga watu hifadhini ndiyo iliyokuwa ikiwakusanya pamoja mashambani, reli ilikopita na bandarini, kwa sababu ilihitaji mikono yao. Utaifa wetu, kwa maoni yangu, uliota mizizi mahali hapo pa kazi. Haukuota katika majumba ya mikutano ya wasomi.

Mboya alizaliwa mahali kama hapo. Ilikuwa tarehe 15 Agosti, 1930, katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika, mali ya tajiri McMillan. Baba yake, Leonardus Ndiege, alikuwa ametoka kisiwa cha Rusinga, Nyanza, akaajiriwa hapo na hatimaye akawa mnyapara. Mama yake aliitwa Marcella. Majirani zao kambini walikuwa Wakamba, Wakikuyu, Waluo na wengineo, na mtoto yule alikua akizungumza lugha zao kama anavyozungumza yake, pamoja na Kiswahili kilichowaunganisha wote. Na hapa niongeze jambo ambalo husahauliwa. Watu wa Rusinga wenyewe kwa asili ni Wasuba, ambao kwa vizazi kadhaa walichukua lugha ya Kiluo hata wakahesabiwa kuwa Waluo. Kwa hiyo hata kabila tunaloliona kuwa jambo la tangu na tangu lina historia ya watu kuingia na kutoka.

Ninapoandika haya nawakumbuka wanafunzi wangu. Ndabibi iko magharibi ya Ziwa Naivasha, kati ya Eburru na Maiella, katika ardhi ambayo zamani ilikuwa shamba kubwa la mzungu. Wazazi wa watoto ninaowafunza ni wakulima wadogo, wafugaji, na vibarua wa mashamba ya maua yaliyo upande wa ziwa. Darasa moja lina majina ya Kikuyu, Kimaasai, Kiluhya, Kiluo, Kikalenjin, Kiturkana na Kikisii. Uwanjani wanatupiana mpira na utani kwa Kiswahili bila kujali lolote. Lakini siku moja niliwaagiza waandike insha kuhusu nyumbani. Binti mmoja, aliyezaliwa hapa hapa na hajawahi kulala kwingine, akaandika kwamba kwao ni Ndabibi. Mwenzake wa dawati moja akamsahihisha kwa upole kabisa, kana kwamba anamwondolea kosa la tahajia: Ndabibi si kwa mtu, aandike kwao hasa. Sikuamini kwamba mtoto wa miaka kumi na minne anaweza kuwa na sheria hiyo kichwani imeiva hivyo. Lakini ameirithi kwa wakubwa. Hapa jirani, Enoosupukia, watu walifukuzwa makwao mwezi wa Oktoba 1993 na maelfu wakakimbilia Maiella, ambako walikaa kambini hadi walipotawanywa Desemba 1994. Na mjini Naivasha, Januari 2008, watu waliuawa na wengine kuteketezwa ndani ya nyumba kwa sababu ya majina yao. Kwa watu wa sehemu hizi, habari za kuunda taifa hazikuandikiwa mtihani tu.

Turudi kwa Mboya. Alipotimia miaka tisa alipelekwa shule ya misheni ya Kabaa, Ukambani. Mwaka wa 1942 akahamia Yala, Nyanza, na mwaka wa 1946 akaingia Mang'u, karibu na Thika. Hebu itazame safari hiyo: Ukambani, Nyanza, Ukikuyuni, kabla hajafikia umri wa kuota ndevu. Mang'u alilazimika kuondoka kwa sababu karo ilimshinda baba yake, aliyekuwa na watoto wengine wa kusomesha. Akajiunga na mafunzo ya ukaguzi wa afya katika Shule ya Jeanes, Kabete, kwa kuwa huko mwanafunzi alilipiwa na kupewa posho. Baada ya kufuzu aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi mwaka wa 1951.

Katika kazi hiyo ndipo alipokutana ana kwa ana na ubaguzi wa kila siku. Yeye mwenyewe alisimulia kisa cha mama mmoja wa kizungu aliyeingia katika maabara alimokuwa akipima maziwa, akatazama huku na huku, kisha akauliza kama mle ndani hamna mtu. Mboya alikuwa amesimama mbele yake. Kijana yule hakunyamaza. Alimuuliza mama huyo kama macho yake yana kasoro. Wakaguzi Waafrika walifanya kazi ileile ya wenzao wa kizungu kwa mshahara uliokuwa sehemu ndogo tu ya ule wa wazungu. Mboya hakubaki kulalamika chemba. Alichaguliwa kuwa kiongozi katika chama cha wafanyakazi Waafrika wa jiji, akakigeuza kutoka kikundi cha kuombea hisani hadi chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Mwaka wa 1953, akiwa na umri wa miaka 23, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini, ambalo baadaye liliitwa Kenya Federation of Labour.

Nawaomba wanafunzi watie maanani tarehe hizo. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba, 1952. Jomo Kenyatta na viongozi wengine wa Kenya African Union walikamatwa. Walter Odede, mzaliwa wa Nyanza, aliyeshika uenyekiti baada ya Kenyatta, naye akatiwa kizuizini mwaka wa 1953, na Juni mwaka huohuo chama chenyewe kikapigwa marufuku. Aprili 1954 majeshi yaliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, na makumi ya maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakasombwa kupelekwa kambini. Serikali ilipokuja kuruhusu tena vyama vya siasa vya Waafrika, mwaka wa 1955, iliviruhusu kwa masharti kwamba kila kimoja kiishie wilayani mwake, na mkoa wa Kati haukupata hata hicho. Mkoloni aliijua kazi yake. Mtu anayefanya siasa ndani ya wilaya tu atazungumza lugha ya wilaya, atatetea mbuzi wa wilaya, na mwishowe atamwona mtu wa wilaya ya pili kuwa mshindani.

Palibaki mlango mmoja ambao haukufungwa, nao ulikuwa wa vyama vya wafanyakazi. Hivi havikuuliza mtu ametoka kwa nani. Viliuliza anafanya kazi gani na analipwa kiasi gani. Mboya aliupita mlango huo na kuushikilia. Wakati vyama vya siasa vilipokuwa vimezimwa, shirikisho lake lilipaza sauti kupinga kukamatwa kwa watu kiholela, kufukuzwa kwa familia majumbani na adhabu za jumla. Kijana wa Kiluo akawa anawatetea hadharani Wakikuyu waliokuwa nyuma ya seng'enge. Ingekuwa rahisi zaidi kwake kunyamaza. Nafasi za kazi walizoziacha Wakikuyu mjini zilikuwa zikichukuliwa na watu wa makabila mengine, wakiwemo Waluo, na kiongozi wa kutafuta sifa za haraka angewaambia watu wake kwamba neema imewashukia.

Mfano wa namna alivyofanya kazi ni mgomo wa bandari ya Mombasa wa Machi 1955. Maelfu ya makuli waliweka chini mizigo. Walikuwa ni watu wa pwani na wa bara, Waislamu na Wakristo, wenye lugha zisizohesabika. Mboya aliteremka Mombasa, akawashawishi warudi kazini huku madai yao yakipelekwa kwa mwamuzi. Uamuzi ulipotolewa, mishahara ikapanda kwa takriban theluthi moja. Jambo la mno hapo, zaidi ya shilingi zenyewe, ni kwamba mchukuzi wa Kigiriama na mchukuzi wa Kiluo walipata nyongeza moja, siku moja, kwa kusimama pamoja. Vitabu vya uraia hufundisha umoja kwa ngonjera. Makuli wale walifundishwa umoja na bahasha ya mshahara, na nadhani ni mwalimu bora zaidi.

Kati ya 1955 na 1956 alisoma katika Chuo cha Ruskin, Oxford, akarudi akiwa na marafiki wengi katika vyama vya wafanyakazi vya Uingereza na Marekani. Machi 1957 Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, ingawa kwa masharti magumu ya elimu na mali, na kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru, cheti cha uaminifu juu yake. Wajumbe wanane walichaguliwa. Mboya alishinda Nairobi dhidi ya wakili Argwings-Kodhek, Mluo mwenzake. Wanane hao, akiwemo Oginga Odinga wa Nyanza, Ronald Ngala wa Pwani, Masinde Muliro wa kaskazini ya Nyanza na Daniel arap Moi wa Bonde la Ufa, wote walikataa vyeo vya uwaziri na kudai viti zaidi. Kwa muda ule mfupi walisema kwa kauli moja. Desemba 1958 Mboya aliongoza kikao cha mkutano wa watu wa Afrika nzima mjini Accra, Ghana, akiwa na umri wa miaka 28.

Kuhusu safari za ndege za wanafunzi sitakawia, maana zinajulikana. Septemba 1959 wanafunzi 81 walipanda ndege moja kwenda vyuoni Marekani. Mwaka uliofuata fedha za familia ya Kennedy zikawezesha wengine kwenda, na kufikia 1963 idadi ilikuwa imekaribia 800. Wangari Maathai alikuwa miongoni mwa walioondoka mwaka wa 1960. Mboya aliiendesha shughuli hiyo pamoja na Dakta Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri. Wapo wanaosema, na hoja yao ina uzito, kwamba waliofaidika zaidi walikuwa watoto wa sehemu ambazo tayari zilikuwa na shule, na kwamba mtoto wa mfugaji wa Turkana hakuisikia hata sauti ya ndege hiyo.

Chama cha KANU kilipoundwa Kiambu mwaka wa 1960, Mboya alichaguliwa katibu mkuu, cheo alichokishikilia hadi kufa. Mwaka huohuo, kule Ngong, KADU ikazaliwa, ikiongozwa na Ngala, na ikiungwa mkono sana na viongozi wa Wakalenjin, Wamaasai na watu wa Pwani waliohofia kumezwa na makabila makubwa. Halafu ukaja uchaguzi wa Februari 1961. Mboya aligombea Nairobi Mashariki, ambako Wakikuyu walikuwa wengi, na mpinzani wake alikuwa Dakta Munyua Waiyaki, Mkikuyu wa ukoo mashuhuri. Kwa hesabu tunazozizoea siku hizi, angeshindwa vibaya. Mboya alizoa zaidi ya kura 31,000 na mwenzake hakufikisha 3,000. Huwaonyesha wanafunzi wangu tarakimu hizo ubaoni na kuwaacha wazitazame kimya. Wapiga kura wale hawakuwa malaika, wala hawakuwa wamesahau makabila yao. Walikuwa ni watu wanaomjua mgombea kwa miaka minane, kwenye mikutano ya Kiswahili ya Kamukunji, kwenye madai ya mishahara na kodi za nyumba, na walijua alichowafanyia.

Mwaka wa 1962 alimwoa Pamela, binti wa Walter Odede yule aliyetiwa kizuizini. Mwaka huohuo, akiwa waziri wa kazi katika serikali ya mseto, alisimamia mkataba wa mahusiano kati ya waajiri na wafanyakazi. Baada ya Uhuru, Desemba 1963, alikuwa waziri wa sheria na katiba, kisha waziri wa mipango ya uchumi na maendeleo.

Sasa nitasema jambo ambalo baadhi ya wapenzi wake hawataki kulisikia. Mboya wa serikalini si yule wa vyama vya wafanyakazi. Alichangia sana kuuvunja mfumo wa majimbo na kuyarundika mamlaka Nairobi. Aliamini kwa dhati kwamba majimbo yangeyapa makabila ngome. Mwaka wa 1965 akatayarisha waraka maarufu wa bunge nambari 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika, ambao ndani yake mlikuwa na shauri kwamba fedha za maendeleo zielekezwe mahali zitakapozaa haraka, yaani penye mvua, barabara na watu waliokwisha kuamka. Kwa mahesabu ya kitabu hakuna ubishi. Kwa ujenzi wa taifa, ilikuwa ni kumwambia Mturkana, Msomali na Mborana asubiri nje wakati wenzake wanakula. Cavour na warithi wake walifanya vivyo hivyo: waliipelekea kusini sheria, kodi na maafisa wa Piedmont, na watu wa kusini wakaona wametekwa badala ya kuunganishwa. Miaka ya mwanzo ya ufalme ule ilijaa vita vya maporini dhidi ya waasi wa kusini, na chuki ya kaskazini na kusini ingali inasikika Italia hadi leo. Sisi tulihitaji karibu nusu karne kabla ya katiba ya 2010 kurudisha madaraka mashinani kwa kuunda kaunti 47.

Kosa la pili lilikuwa la kisiasa. Machi 1966, katika mkutano wa KANU uliofanyika Limuru, Mboya alikuwa fundi mkuu wa mpango wa kumng'oa Oginga Odinga. Kiti cha makamu wa rais wa chama kilivunjwa na mahali pake wakawekwa makamu wanane, mmoja kwa kila mkoa na Nairobi. Odinga akatoka na kuunda KPU. Kwamba walitofautiana kwa itikadi ni kweli. Lakini mtu aliyekuwa amekataa siasa za wilaya chini ya mkoloni alikubali uongozi ugawanywe kwa mikoa ili ampige mshindani mmoja. Na aliyefaidika hakuwa yeye. Odinga alipoondoka, Mboya alibaki peke yake mbele ya watu waliomzunguka Kenyatta aliyekuwa mzee, ambao waliona kijana mwenye akili, mwenye marafiki ng'ambo, asiyehitaji kabila ili achaguliwe. Adui wa namna hiyo hapigwi kwa kura.

Jumamosi, tarehe 5 Julai, 1969, mchana, alikuwa akitoka katika duka la dawa kwenye barabara iliyoitwa Government Road, siku hizi Moi Avenue. Alipigwa risasi akafa, akiwa na miaka 38. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kwa mauaji hayo akanyongwa Novemba mwaka huohuo. Aliyemtuma, kama alitumwa, hajatajwa na mahakama yoyote.

Yaliyofuata ndiyo yanayonifanya niandike. Wakati wa misa ya wafu katika kanisa kuu la Familia Takatifu, Nairobi, umati nje uliupigia kelele na kuurushia mawe msafara wa rais, na polisi wakafyatua gesi ya kutoa machozi. Mwili ukasafirishwa kwa barabara kupitia bonde hili letu kuelekea magharibi, hadi Rusinga. Katika mkoa wa Kati watu walilishwa viapo ili utawala usitoke mikononi mwa kabila moja. Oktoba, Kenyatta alipozuru Kisumu kufungua hospitali, ghasia zilizuka, walinzi wakapiga risasi watu wakafa, na siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku na Odinga akatiwa kizuizini. Ndani ya miezi minne tu, wapiga kura wa Nairobi Mashariki wa 1961 walikuwa wamegawanywa wakawa Wakikuyu na Waluo. Mtu aliyekuwa hakuzikwa kama mwana wa kabila lolote kwa matendo yake alililiwa kama mwana wa kabila moja. Sidhani kama wauaji walikusudia hilo. Lakini hakuna walichofanya kilichodumu zaidi.

Wapo wataalamu wanaosema kwamba habari za Mboya hutiwa chumvi, kwamba hata angeishi nchi ingegawanyika vilevile kwa sababu ya ardhi. Nakubali nusu. Ugomvi wa ardhi wa Bonde la Ufa haukuwahi kuwa somo lake kuu. Mtoto wa kibarua wa mkonge alijua zaidi habari za ujira kuliko za hatimiliki, na katika maandishi yake hutaona jibu la kumtosheleza Mmaasai aliyehamishwa mwaka wa 1904 wala maskwota aliyelima shamba la mzungu maisha yake yote. Taifa lililojengwa kazini lilihitaji pia kukubaliana kuhusu udongo, na hapo wajenzi wote wa kizazi chake walikwepa. Enoosupukia na Naivasha zilikuja kutudai deni hilo.

Sanamu yake ilizinduliwa Oktoba 2011 kwenye Moi Avenue, hatua chache kutoka mahali alipoangukia. Miguuni pake wamewekwa flamingo, ndege wale wale tuwaonao Nakuru na Elementaita. Kitabu chake, Freedom and After, kilichotoka mwaka wa 1963, kinafaa kuwa katika kila maktaba ya shule ya upili, na walimu wa historia wakikisome pamoja na wanafunzi wao bila kuficha yale mapungufu niliyoyataja. Wanafunzi wangu nimewapa kazi muhula huu: kila mmoja amwulize mzee wa nyumbani, au wa jirani kama kwao hakuna, habari za kifo kile zilimfikia akiwa wapi, akifanya kazi kwa nani, na nani alikuwa amekaa karibu naye. Majibu ya kwanza yameanza kuletwa, na yapo katika lugha saba.